Filimbi na Usaili Ambao Hakuna Aliyefeli

Ndugu waombolezaji, mimi shangazi yake marehemu ndiye niliyepewa kusoma wasifu wake, na mnaonijua mnajua sauti ninayo, kwa hiyo wa nyuma kaeni hukohuko.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, nyumba ya nyuma ya mashine ya kusaga, chumba cha pili, mtoto wa kwanza wa kaka yangu, kichwa kikubwa mpaka mkunga akacheka, akasoma shule ya serikali hapo ng'ambo ya barabara, akaingia chuo cha ualimu mwaka 1988, na Januari 1991 akarudi kufundisha shule ileile, watoto wakamwita Filimbi kwa mluzi aliowapigia wachelewaji.

Tarehe 6 Agosti 1994 alimuoa mwalimu wa darasa la kwanza, mkwe wetu huyu, wakajaliwa watoto watatu, vichwa vyao mnaviona wenyewe.

Mwaka 2005 akawa mwalimu mkuu, na mwaka 2014 serikali iliposema shule zake zikabidhiwe bodi zijiendeshe, yeye alikubali wa kwanza, maana paa lilivuja miaka nenda rudi na wizara ikijibu tu kwamba inalishughulikia, walimu wenzake wakamwita dalali, wengine wako hapa, wanaangalia viatu. Paa likaezekwa, tuseme ukweli. Ila bodi ilipoonja utamu wa kuongoza mitihani, ikataka watoto wasailiwe kabla ya kuingia darasa la kwanza, wazito waende kwingine, na huko kwingine hakupo. Filimbi akasema sawa, nitawasaili mwenyewe, akausaili mtaa mzima, wakafaulu wote, hata aliyesinzia kitini, huyo akaandikiwa kwamba ni mtulivu.

Januari 2017 bodi ikamvua ukuu, akabaki mwalimu wa kawaida, na waliokataliwa na mkuu mpya akawafundisha jioni kibarazani kwake, mpaka figo zilipomlaza Juni mwaka jana, akafariki hospitalini Alhamisi, tarehe 12, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuazima viti, na walimu mliobeba jeneza, hata nyie wa dalali. Bodi nayo tunaishukuru, imetoa basi, na jana mwenyekiti wake alimwomba mjane asimamie usaili wa Januari, eti kwa kuwa ni mpole. Mkwe wangu alikubali machozi hayajakauka, sisi ukoo mzima tukainama kuficha kicheko, tukamwacha mwenyekiti anywe chai yake. Sasa hivi mwenyekiti ametoka nje kupokea simu, ndiyo maana hapa nimesoma mbiombio.

Pumzika kwa amani, baba, wataingia wote.