Kijito cha Kantili na Penseli ya Mzee Leonardi

Miaka ishirini na saba ya kutunza ramani za ofisi hii inafika mwisho tarehe 30 Juni 1979, Ndugu Leonardi Ignasi atakapostaafu. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajaribu, lakini nina hasira.

Alianza mwaka 1952 akibeba mnyororo wa wapima ardhi, akapanda hadi kuwa mchora ramani. Chumbani mwake chai huwekwa sakafuni, mbali na karatasi. Hata mgeni kutoka Dar es Salaam aliinama kuchukua kikombe kama sisi.

Sasa bonde la Kantili, kule nyuma ya Mollo, ambako mlowezi mmoja alikuwa na ranchi ya ng'ombe. Ramani ya bonde hilo ilitokana na picha za ndege zilizopigwa Septemba, kiangazi kikali. Kijito kikaonekana uzi, bonde likaonekana tupu. Mwaka 1974 wakubwa walipotafuta mahali pa kijiji kipya, wakasema nafasi ndiyo hii.

Mzee Leonardi akapanda baiskeli, akaenda kuwauliza waliochunga ng'ombe wa ranchi. Wakamwambia, "Pale hatujawahi kuinua hata tuta moja la kulima, mzee. Masika ng'ombe anazama mpaka tumboni." Akarudi, akachukua penseli ya bluu, akalipaka bonde zima rangi ya maji na kuandika pembeni: watu wasikae hapa.

Shukrani aliyopewa ni barua ya onyo, kwamba ameharibu ramani ya serikali. Mimi ndiye niliyeichapa, wala sikuuliza neno. Watu wakahamishiwa bondeni humo humo. Februari iliyofuata nyumba arobaini zilibomolewa na maji, na Bibi Kristiana, aliyekuwa amepakiwa kwenye lori huku akikataa kuhama, akafia ndani ya nyumba yake mpya.

Baadaye kijiji kikapandishwa mlimani kwa kufuata ileile penseli. Aliyesaini onyo akapandishwa cheo. Barua ikabaki jaladani. Nimeomba ifutwe mara tatu, naambiwa nisubiri. Yaani mzee aondoke na doa, halafu tumpigie makofi? Aibu yetu!

Asante, mzee wetu. Wewe na mkeo, Mama Kalista, tunawatakia afya, mvua za wastani na siku nyingi njema huko nyumbani kwenu Pito.

Ile barua nimeitoa jaladani leo asubuhi, nikaichana. Anayetaka kuniandikia onyo, taipureta iko mezani kwangu.

Suma Sadoki, Masijala