Shangazi Minza Hakula Meno Yetu

Sifa zimrudie Bwana, ndugu zangu! Mwangaluka. Mnanijua hapa Sapiwi tangu nikiwa binti wa kuchuma pamba. Leo nasema Mungu alivyonitoa kwenye chuki.

Ndugu zangu, kwetu watu hawazeeki na meno. Baba alibaki na manane kabla hajaota mvi. Baba mdogo naye yakamtoka. Lakini dada yao, shangazi Minza, mpaka leo anatafuna matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tena anayavunja kwa magego. Watu wakaanza kunong'ona kwamba anakula meno ya ndugu zake ili yake yadumu. Nami, ambaye shangazi huyohuyo alinilea mama alipofariki, nikaamini.

Niliamini kwa sababu fizi zangu nazo zilianza kutoa damu. Shangazi akileta maziwa, namwagia mbwa. Wanangu niliwakataza kumwamkia. Yeye alikuja tu, anauliza hali, anaondoka. Nikawa nasukutua kwa samli ya moto na kuimeza, kutwa mara tatu, nikidhani najitibu. Jino likadondoka hata hivyo. Wanaume wa ukoo wakaitisha kikao cha kumfukuza shangazi kijijini, na shahidi ni mimi.

Siku mbili kabla ya kikao taya likavimba. Mume wangu akanipeleka Bariadi kwa daktari wa meno, binti mdogo tu, mpole. Alinisafisha ugaga uliojazana chini ya fizi, akaniuliza habari za ukoo na dawa ninazotumia, nikamtajia samli, akanituma kupima damu.

Majibu yakaja: mafuta kwenye damu yamepanda. Nikacheka. Mimi, nilivyo mwembamba hivi?

Akasema, "Mama, wembamba hauzuii. Kuna watu hurithi damu yenye mafuta mengi, na kuna wanaorithi fizi zinazoshindwa haraka na vijidudu. Mambo hayo mawili mara nyingi huonekana pamoja. Uchafu wa meno ndio unaoanzisha, ila kwenu unapata njia rahisi. Na hiyo samli acha kuinywa."

"Mbona shangazi yangu amepona?"

"Kwenu mnafuga. Dume moja na jike moja, ndama wote hutoka rangi moja?"

Ndugu zangu, nililia pale kwenye kiti! Sikulilia jino. Nilimlilia shangazi, mama aliyenibeba mgongoni.

Kikao kilipoketi nilisimama nikasema kwamba shangazi hana kosa, na kwamba atakayemfukuza aanze na mimi. Wengine walinuna, wakaondoka. Mimi nilienda moja kwa moja kwake, nikapiga magoti mlangoni. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Akanitazama, akasema, "Umekonda, ng'wanone, mwanangu. Ingia ule."

Sasa napiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kliniki siruki, fizi zimetulia. Jino lililotoka halirudi, nami simdai Mungu. Alinirudishia mama, ninamshukuru kwa machozi. Wewe unayemshuku ndugu yako kwa ugonjwa wako, mtumaini Bwana, kisha nenda hospitali ukapime.

Shangazi hayupo ibadani leo, yuko jikoni kwangu tangu alfajiri. Amepika wali na kuku wa kututosha sote. Tukitoka hapa twendeni. Mwenye hofu akae karibu nami, nitakula wa kwanza.