Daktari Tryphena Wakesho, Aliyetibu Woga Kabla ya Jino

Marehemu Daktari Tryphena Wakesho alizaliwa Werugha tarehe 14 Machi 1976, mtoto wa pili wa Mzee Stephen Mwakio, ambaye sasa ni marehemu, na Mama Priscilla Mkamburi. Alisoma shule ya msingi hapo kijijini na sekondari huko Bura. Mwaka wa 1996 alikwenda Nairobi kusomea udaktari wa meno.

Mwaka wa 2004 alifunga ndoa na Austin Mghanga, mkulima wa kabichi na ng'ombe wa maziwa, aliyeishia darasa la nane. Mungu aliwajalia watoto wawili, Shanice na Sylus.

Alifungua kliniki yake mjini Voi mwaka wa 2009. Mtu akiingia, alimtazama mikono kabla ya kinywa. Mwenye hofu hukishika kiti kama anayeanguka, au huongea bila kupumua, au husema jino limeacha kuuma alipofika mlangoni. Huyo alionyeshwa kila chombo kabla hakijamgusa, akaambiwa, "Ukiinua mkono, naacha." Na daktari aliacha kweli.

Mumewe hakuupenda utaratibu huo. Siku moja alipeleka maziwa kliniki, akamkuta Kaloki, dereva wa lori, amekalia kile kiti, anacheka na daktari, wala kinywa hakijakaguliwa. Kaloki alipotoka, Austin akauliza:

"Huyo umemtibu nini, Mama Shanice?"

"Leo woga. Jino ni Jumanne."

"Kwa hivyo atarudi."

"Atarudi, Baba Shanice. Kama ni wivu, chukua namba ukae kwa foleni."

"Nyumbani hunisemeshi hivyo."

"Wewe hujawahi kuniambia unaogopa."

Austin akapanda milimani kurudi nyumbani Werugha na mtungi mtupu na moyo uliojaa. Alichoogopa ni kwamba upole wa mkewe uliishia Voi, na yeye alibakiziwa uchovu.

Februari 2024 daktari alipatikana na saratani ya kongosho, akalazwa Mombasa. Wagonjwa wake walikuja wengi hata mumewe akasimama nje ya wodi, uji ukipoa mkononi. Kila aliyetoka alisema, "daktari wangu." Neno hilo lilimchoma.

Alasiri moja daktari aliwaomba wageni watoke, mumewe abaki.

"Baba Shanice," akasema, "naogopa."

Hakumwambia mtu mwingine, hata mama yake mzazi. Austin alivuta kiti karibu. Waliyozungumza ni yao wawili, na hayataandikwa hapa.

Alituacha tarehe 9 Mei 2025. Ameacha mumewe Austin, watoto Shanice na Sylus, mama yake Priscilla, na dada yake Rita.

Ninyi nyote mnaomwita daktari wenu mtapewa nafasi ya kutia udongo kaburini. Mumewe atatangulia, na anaomba asiharakishwe.

Mama Shanice apumzike kwa amani.