Sufuria ya Hospitali Ilipokwama Forodhani

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojazana mlangoni, amani iwe juu yenu. Mwenyekiti kaniambia nisimame nieleze nilivyoanguka na nilivyoinuka. Majina ya watu sitayataja. Kosa nitalitaja, kwa sababu ni langu.

Nilikuwa mtunza stoo wa hospitali kule Andoany, kisiwani Nosy Be. Marehemu baba yangu aliuza nguo hapa hapa Mahajanga, na nyote mnaijua mila yetu ya ankara. Msicheke! Hariri ikiagizwa, barua inakwenda kwa muuzaji: "Tafadhali andika kitambaa tu." Ikifika forodhani, inatozwa ushuru wa kitambaa tu. Nimekulia humo.

Basi, bendera yetu mpya ya uhuru ilikuwa haijapauka bado kwa jua, sufuria ya mvuke ya hospitali ikapasuka. Hiyo ndiyo ya kuchemshia visu na mikasi ya upasuaji. Bila hiyo daktari hampasui mtu. Mgonjwa anavushwa kwa mashua mpaka Antsahampano, halafu atafutiwe gari huko bara. Na mke wangu alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mtoto wetu wa kwanza alitoka kwa kupasuliwa, na daktari alishasema wa pili atatoka kwa njia hiyo hiyo. Mnaona nilivyobanwa?

Daktari akaniambia niagize nyingine Ufaransa upesi. Mimi, mjanja mtoto wa mjanja, nikamwandikia muuzaji: kwenye ankara andika "sufuria kubwa" tu, na karatasi za kiwanda uzitoe. Nilidhani naiokoa hospitali na ushuru. Wallahi nilijisifu.

Ikafika Mahajanga, ikakwama. Forodha wakaitoza ushuru wa vyombo vya jikoni, na ule ulikuwa mkubwa ajabu, hospitali haiuwezi. Daktari akaniuliza imekuwaje. Nikasema sijui. Wiki zikapita. Sokoni wakaanza kusema nimeila sufuria. Ndugu zangu, nawaambia, mtu anaweza kula vingi, lakini sufuria ya chuma? Hata hivyo nikasimamishwa kazi, na nyumbani nikawa siwezi kulitazama tumbo la mke wangu.

Lakini mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa akinitia kipande cha muhogo mdomoni ili apumzike na maswali yangu. Sasa swali likanikaa kichwani: kwa nini sufuria itozwe namna ile, na ni nani anayekaa akaamua? Nikapanda meli ndogo nikaja huku, nikaenda forodhani. Nikamkuta ofisa mmoja mwenye miwani, nikamwomba anionyeshe kitabu cha ushuru.

"Unataka kukisoma?" akaniuliza kwa Kisakalava. "Watu huja hapa kulia. Kusoma hajaja mtu."

Lo, kitabu kile! Kila kitu duniani kimo, na fungu lake: misumari, manukato, vifungo vya shati, mpaka meno ya bandia. Nikasahau kilichonileta. Nikauliza mbona sufuria za nje zinatozwa sana. Akasema serikali inataka tununue za mafundi wetu. Nikauliza, je, hospitali ya serikali kuilipa serikali, maana yake nini? Akacheka, akaniambia mshahara wangu mwenyewe unatoka kwenye ushuru huo huo. Hilo nalitafakari mpaka leo, bado sijalimaliza.

Kisha kidole changu kikafika kwenye fungu la vifaa vya matibabu. Ushuru wake ulikuwa mdogo kabisa, almuradi ankara itaje kifaa kwa jina lake na daktari aandike barua. Kumbe aliyeifunga sufuria ile forodhani ni mimi!

Ningeweza kusema muuzaji kakosea. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini wangemwandikia Ufaransa, majibu yangechukua miezi, na tumbo la mke wangu halingoji posta.

"Bwana," nikasema, "mimi ndiye niliyemwambia aandike uongo. Nifunge ukitaka, lakini kwanza twende tukafungue sanduku."

Akanitazama weee. Tukaenda. Alipoona kifuniko chenye skrubu nene na saa ya kupimia mvuke, akaguna, "Na humu ulitaka tuamini watu wanapika wali?" Akaniandikisha kosa langu kwa mkono wangu, nikatia sahihi, akanituma kwa daktari nikalete barua. Hapo ndipo palikuwa pagumu zaidi. Daktari alinifokea mpaka wagonjwa wakachungulia. Halafu akaandika, nikairudisha barua forodhani.

Sufuria ilifika Andoany mke wangu akiwa kwenye mwezi wa kujifungua. Akapasuliwa, tukapata binti.

Namshukuru ofisa yule, hakunifunga. Namshukuru daktari, kanirudisha kazini, ingawa sasa kila barua yangu anaisoma yeye kwanza. Na nyinyi wa chama hiki mlinilaza na kunilisha siku zile bila kuniuliza kama kweli nimeila. Mungu awalipe.

Wenye maduka humu, hariri zenu mtajuana na Mola wenu. Ila kitu cha hospitali kiandikeni kwa jina lake. Na kabla hujaukimbia ushuru, nenda ukausome. Kitabu kile hakatazwi mtu.

Mke wangu nilimficha kosa langu mpaka aliporudi nyumbani kutoka hospitali. Nilipomweleza, alikuwa akinyonyesha. Hakupiga kelele. Akaniuliza, "Wiki zile zote nilipokuwa nakuuliza mbona hulali, ulikuwa unajua ulichoandika?"

"Nilikuwa najua," nikasema.

Akamnyonyesha mtoto mpaka akashiba. Halafu akanipa. "Mshike," akasema. "Mtazame vizuri. Kisha uende ukawaambie wenzako."

Ndiyo nimekuja. Na yeye yule pale nyuma kwa akina mama, anasikiliza kama nimepunguza neno.