Shabaha ya Majamvi Arubaini: Twamuaga Bwana Thoya Baya

Bwana Thoya Baya anastaafu tarehe 31 Desemba 1998, baada ya kulilinda godauni letu la chai hapa Shimanzi kwa miaka thelathini na miwili na miezi minne. Aliingia Agosti 1966, kijana wa miaka ishirini na mitatu kutoka Kaloleni, uta wake begani. Tangu siku hiyo hajachelewa zamu hata moja, na wanaobisha wakatazame daftari la mahudhurio.

Kamati imenipa mimi, Taib wa stoo, kazi ya kuandika wasifu huu, ikaniagiza niandike mazuri matupu. Mazuri yake ni mengi na nitayaandika. Lakini liko jambo la mwaka 1993 lililomvunjia jina, na ukweli wake naujua mimi. Nisipousema sasa, kabla hajafunga mizigo, nitaingia nao kaburini.

Wageni kazini huenda hawajui kuwa godauni hili lililindwa kwa mishale. Bunduki hatukuwa nazo, na wezi wa chai wa siku zile rungu walikuwa wakilicheka. Bwana Thoya alipofanywa mkuu wa walinzi mwaka 1978, aliweka sheria moja: mlinzi afanye mazoezi kwa mshale uleule anaolindia. Na mshale wa lindo una chembe kipana, yaani chuma cha kichwani chenye makali pande zote mbili, mfano wa jani la mpera. Mshale wa namna hiyo hauruki kama mshale wa mchezo, na anayejifundishia kwa ncha nyembamba, alisema, anajidanganya mwenyewe. Hakuwahi kumfuma mwizi hata mmoja. Habari za mazoezi zilipofika mitaani, wezi walijihadhari wenyewe.

Sasa, shabaha gani itastahimili makali hayo? Hapo ndipo tulipocheka. Gunia la maranda lilipasuka wiki ya pili, na upepo ukayatia maranda kwenye chai ya meneja. Sanduku lililoshindiliwa makumbi ya nazi likawa imara kupita kiasi: mshale ukishaingia, walinzi wawili huuvuta kama wang'oao muhogo, wakatoka na uti mtupu, chembe kimebaki ndani. Tairi kuukuu za lori nazo zilirudisha mshale ulikotoka. Mmoja ulivunja chungu cha maua cha Bi Nanjala, sekretari wetu, naye hakumsalimu Bwana Thoya mpaka Krismasi.

Jawabu alilipatia harusini. Mwaka 1987 alikuja kwetu Kibokoni kwenye harusi ya dada yangu, akakaa jamvini na wenziwe, nikamwona anapitisha kidole pale jamvi lilipokunjwa, akibonyeza na kuachia. Nilidhani ana njaa, biriani imechelewa. Kumbe! Wiki ile ile aliomba majamvi makuukuu, akayakunja bila kuyakata, kwa kuwa jamvi likikatwa hufumuka. Akayasimamisha ubavu kwa ubavu ndani ya fremu ya mbao, mikunjo ikimtazama mpigaji, kisha akayabana kwa bolti mbili ndefu. Chembe hakikati jamvi hapo. Hupenya baina ya mawili, nayo mawili yakakibana papo hapo. Yakilegea, unakaza kwa spana. Majamvi yalikuwa arubaini, na shabaha ile ilidumu miaka sita. Hata walinzi wa magodauni ya jirani walikuja kuitazama. Na kila siku ya mazoezi, kabla ya mlinzi yeyote kufuma, alifuma yeye kwanza.

Julai 1993 shabaha ilikuwa imechoka. Nikamwombea majamvi mengine kwenye msikiti wa mtaani kwetu, uliokuwa umetandikwa mazulia mapya. Alhamisi alimaliza kuyapanga, akakaza bolti, akaigonga kwa ngumi, akaridhika. Mazoezi yangeanza Jumamosi asubuhi.

Ijumaa nilikuwa na hitima ya marehemu mama. Watu walifurika mpaka kichochoroni, majamvi yakapunguka. Nikajiambia, ah, yale ya Thoya nimeyaomba mimi, hayajatobolewa hata moja, na funguo ninazo. Nikafungua bolti, nikachukua sita ya katikati. Pengo nililijaza makatoni matupu, nikakaza vizuri, nikarudishia mbele kile kitambaa chake cha kulengea ili asijue kwamba nimegusa kazi yake. Nia yangu ilikuwa kuyarudisha alfajiri. Lakini wageni wa Lamu walikuwa wamelala juu yake, nami nikaona haya kuwaamsha.

Jumamosi Bwana Thoya akafuma wa kwanza, kama ada yake. Mshale ulipita makatoni, ukapita ua wa mabati, ukamchana mkono Dzoro, hamali wetu, aliyekuwa amekaa upande wa pili akila mahamri na mbaazi. Alishonwa nyuzi tisa. Dzoro mwenyewe, Mungu ampe umri mrefu, alizililia mbaazi zilizomwagika kuliko mkono. Wote wakakimbia naye hospitali, Bwana Thoya akiwa amemkumbatia. Nami nikafika na majamvi yangu begani, nikakuta uwanja mtupu na damu kwenye mabati. Nilielewa mara moja. Badala ya kuwafuata nikaseme, nilitoa makatoni, nikarudisha majamvi mahali pake, nikakaza bolti.

Basi Jumatatu meneja alipoamuru shabaha ifunguliwe, majamvi yalihesabiwa arubaini, kamili. Bwana Thoya aliyatazama, akayashika moja moja, akasema mbele yetu sote kwamba mkono ni wake na kosa ni lake. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, funguo mkononi. Wallahi sikufungua mdomo.

Akavuliwa ukuu, akawekwa langoni kuandika nambari za malori. Nyuta zikafungiwa stoo kwangu, shabaha ikachomwa moto. Miaka mitano na zaidi amekuwa bawabu, na hata hapo hakufanya kazi kwa shingo upande. Mwaka 1996 alilizuia lori lililobadilishwa nambari, kwa kukumbuka tu ufa wa taa yake ya kushoto. Chai yote ikarudi ndani, akapewa cheti. Tulimpigia makofi, na mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote. Kila asubuhi huniuliza hali ya nyumbani, nami humjibu njema, nikapita.

Mwezi uliopita nilimwendea kwake Majengo kuuliza tarehe za wasifu huu. Alinipa zote, kisha akaniomba nisiandike habari za shabaha. Alisema shemeji yake huko Kaloleni amemsihi mara tatu awaundie watu wa kule shabaha kama ile, naye amekataa. Kila anapokaa peke yake huyapanga majamvi yale kichwani upya, na hajaona mpaka leo ni wapi alipolegeza, na mtu asiyejua kosa lake, alisema, hafai kumfundisha mwenziwe. Miaka yote hiyo mimi nilidhani nimemnyima cheo tu.

Nikamwambia yote. Akaniuliza majamvi mangapi. Nikajibu sita, ya katikati. Akahesabu kwa vidole, midomo ikimcheza, akatikisa kichwa taratibu. Kisha akainuka, akaingia ndani, asitoke tena. Mkewe, Bi Kadzo, ndiye aliyekuja kuniwekea viatu vyangu mlangoni, bila kunitazama. Mwenye kovu usidhani kapoa, na kovu hili nimelitia mimi.

Meneja nimeshamweleza, na barua imewekwa kwenye faili la Bwana Thoya na nyingine kwenye langu. Dzoro pia nimemweleza, akanitukana kwa haki. Cheo hakirudi, mwaka umekwisha. Msamaha sitauomba hapa mbele ya watu, kwa sababu mtu akiombwa kwenye sherehe yake hawezi kukataa, na Bwana Thoya ana haki ya kukataa.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa godauni, ahsante, Bwana Thoya, kwa miaka yako thelathini na miwili. Mungu akupe wewe na Bi Kadzo uzima, shamba liitikie mkono wako, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Na shemeji yako akija mara ya nne, usimkatalie, muundie. Hukulegeza popote. Mshale ule ulipita kwenye kazi ya mikono yangu.