Fundi Baridi na Fomu Aliyoijaza Mara Mbili

Marehemu, tuliyezoea kumwita Fundi Baridi, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1980 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa pili, na mvulana pekee, wa mama mshonaji.

Baada ya shule ya msingi alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 2001 katika fani ya majokofu na viyoyozi. Darasani hakung'ara, lakini ukimpa friji bovu alitulia kama mtoto aliyeshiba. Alifungua karakana mwaka 2004, na mpaka anaugua hakuna bucha wala duka la dawa mtaani lisilokuwa na namba yake ukutani.

Alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu tarehe 12 Desemba 2009. Miaka minane ilipita bila mtoto, na maneno ya watu waliyasikia. Mwaka 2018 kliniki ilirutubisha mayai ya mkewe kwa mbegu zake, vikapatikana viinitete vitano, vikagandishwa. Fundi hakutulia. Alikwenda mwenyewe maabara.

"Umeme ukikatika, si wanangu watayeyuka?"

Mtaalamu alicheka. "Baba, mtungi huu hautegemei umeme. Ndani ni naitrojeni ya kimiminika, baridi kupita barafu, tunaiongeza kila wiki."

Tangu hapo alipiga simu kila Jumatatu kuuliza kama wameongeza. Viwili vya kwanza havikushika. Cha tatu kilishika, na tarehe 3 Mei 2020 akazaliwa binti yao. Vikabaki viwili.

Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Hapo ndipo mkewe alipoisoma tena fomu ya kliniki. Penye swali la mmoja wao akifariki, Fundi alikuwa ameweka alama kwenye "viharibiwe", na mkewe akasaini bila kuangalia. Alilia sana.

"Yaani ulitaka viishe hivihivi, bila kuniambia?"

"Niliogopa kukufunga," akamjibu. "Nilijaza kama mtu ambaye hatakufa."

Tarehe 20 Februari alipelekwa kliniki kwa kiti cha magurudumu, akajaza fomu nyingine: aamue mke wangu.

Mama yake alifurahi, akaanza kuhesabu wajukuu. Fundi akamshika mkono. "Mama, usimwulize ataamua nini. Hata kwa macho usimwulize." Mama alinuna siku mbili, kisha akakubali. Haikuwa rahisi, maana alikuwa anampoteza mwanawe wa kiume wa pekee.

Alifariki nyumbani tarehe 17 Aprili 2024, saa nne asubuhi, mkewe akimnywesha chai. Alikuwa na umri wa miaka 43. Ameacha mama, mjane, binti mmoja na dada wawili, ambao mmoja wao ndiye anayewasomea haya.

Viinitete viwili havimo katika orodha hii. Jana tulibishana kama viandikwe, na mjane alisema bado hajui. Basi mtakapopita kumpa mkono, mpeni pole, mpite. Fundi Baridi apumzike kwa amani, naye mkewe aachwe kwa amani.