Kofia Kanisani, Mwana Mjambere

Baba Askofu, mapadre, masista, na nyinyi majirani, Waislamu kwa Wakristo, wenye kustahili shikamoo shikamooni. Wengi mmeuliza kwa nini Kardinali azikwe huku Mjambere penye mihogo na minazi, wala si katika kanisa kuu kule kisiwani. Yasikilizeni maisha yake, jibu limo humo.

Marehemu Kardinali Ishaka Kitsao Kaingu alizaliwa papa hapa tarehe 14 Machi 1948, mwana wa kiume pekee wa mzee Kaingu, mgema wa tembo, na mama Nyamvula. Dada yake Dama ndiye aliyembeba mgongoni, na alikuwa mzito tangu hapo.

Alisoma shule ya misheni huku Kisauni, akawa mbele ya wenzake, ingawa mwalimu akimtafuta alimkuta juu ya mnazi. Mwaka 1967 akaomba kwenda seminari.

Hakuoa, na kisa kinaanzia hapo. Kwetu, mjukuu ndiye anayelirudisha jina la babu. Mzee Kaingu alinuna, chakula hakimpiti. Mama Nyamvula ndiye aliyekata shauri. Alisema, "Nenda, mwanangu. Wajukuu nimekusamehe. Lakini siku yako ikifika, uje ulale ubavuni pangu." Kitsao akaitika, "Naam, mama."

Alipewa upadre tarehe 5 Disemba 1976. Changamwe aliwatumikia watu wa bandari na viwanda, akamsalimu kila mtu kwa lugha ya kwao na kuwakemea wote kwa Kiswahili. Likoni, vijana walipokosana, yeye na Maalim Anwar wa msikitini walipita nyumba kwa nyumba mpaka watu wakaona haya kupigana. Mwaka 1994 akawa Askofu, na 2011 Kardinali, mtoto wa mgema.

Aliporudi kutoka Roma na joho jekundu na kofia yake, mama aliduwaa, maana huku nguo nyekundu hudaiwa na pepo. Akamvuta kando: "Mwanangu, ni pepo gani huyu? Mbona hukuniambia mapema, tukamtafuta mganga?" Kardinali alicheka hata kofia ikaanguka. Mama akaiokota, akaikung'uta mchanga, akamvisha mwenyewe. Mama alituacha mwaka 2013.

Figo zilianza kumsumbua Kardinali mwaka 2022. Hospitalini, Baba Askofu alieleza, kwa upole, kuwa kardinali huzikwa kanisa kuu na mahali pameshatengwa. Dama alikuwepo. Miaka yote alikuwa akipalilia ule ubavu wa kaburi la mama, hata mwanawe Ruwa alipotaka kujenga hapo akamnyima. Hakubishana na Askofu. Alimgeukia ndugu yake tu, akamuuliza, "Kitsao, mama yuko wapi?"

Kardinali alimgeukia Askofu. Kisha akasema, "Baba Askofu, kofia itundikeni kanisani. Kichwa changu kinakwenda kwa mama."

Askofu aliinamisha uso, akakubali, na ukoo wote unamshukuru. Marehemu alifariki tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, rozari mkononi.

Ameacha dada yake Dama, mpwa wake Ruwa na mkewe Josephine, watoto na wajukuu wao, na waumini aliowabatiza kutoka Changamwe hadi Likoni, ambao hakuna awezaye kuwahesabu.

Mama Nyamvula, mwanao huyu hapa. Tumekuletea bila kofia, kama alivyoondoka. Lalani kwa amani, nyote wawili.